Mota Iliyonguruma Bila Kuzunguka

Harufu ya majira yale ya baridi ilikuwa ya vumbi linaloungua. Ilipanda kutoka kwenye vyuma vya matundu vilivyopachikwa sakafuni katika kila chumba cha nyumba yetu ya kupanga, Hounslow, pembezoni mwa London, ikifuatwa na upepo wa moto ulionivimbisha gauni kama puto. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa na miezi mitatu tu tangu tutoke Kisumu, Wahindi wenye pasipoti za Uingereza na masanduku manne: Baba, Mama, Dadi, yaani bibi yangu mzaa baba, na mimi wa miaka tisa. Nyumba inayopashwa moto hatukuwahi kuiona. Nilikuwa nikiamini kwamba ndani ya kabati la ukumbini, zilikotoka pumzi zile, alikaa mtu. Baba alinicheka, akanieleza kwamba gesi huwaka, chuma kikapata moto, kisha mota ikazungusha feni la kusukuma hewa. Nikaitikia, lakini nikipita pale bado nilinyata.

Jumamosi moja ya Januari, asubuhi, upepo haukuja. Tulisikia gesi ikiwaka, tukasubiri, kisha kabatini ukaanza mngurumo mdogo, kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Baada ya dakika chache moto ukajizima wenyewe. Ukawaka tena, ukazima tena. Dadi alikuwa ametoka hospitali wiki ile, kifua kikimsumbua, na daktari alisisitiza asipatwe na baridi hata kidogo. Mama akamrundikia blanketi zote za nyumbani, hata mapazia. Baba akakimbilia kibanda cha simu, akarudi na jibu la ofisi ya nyumba: fundi atakuja Jumanne, na yeye asiguse kitu.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kule Kisumu Baba alikuwa fundi wa mota za mashine za kusaga. Watu walimletea mota kwa mikokoteni kutoka Ahero, akaweka sikio, akasema ugonjwa kabla ya kushika bisibisi. Hapa London alikuwa akipanga sahani za chakula cha abiria kiwanja cha ndege. Nilingoja acheke, afungue kabati, mambo yaishe. Badala yake alivuta kigoda, akaketi mbele ya mlango ule na mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa. "Mgeni ni kuku mweupe," Mama alinong'ona. "Wakijua tumegusa, watatutoa." Sikujua kama aliogopa mashine, au ofisi, au kitu kingine ambacho watu wazima hawakunitajia.

Dadi akakohoa, kikohozi kirefu kisichofika mwisho. Baba akainuka. Akafunga gesi, akazima swichi kuu, akafungua kabati. Ndani akakuta nyaya za kahawia na buluu, naye maisha yake yote alijua nyekundu na nyeusi. Alizitazama muda mrefu, midomo ikicheza. Akalizungusha feni kwa kidole. Likazunguka laini, halikukwama popote.

Wakati huo akaingia Bi Salma, jirani yetu wa juu, Mzanzibari aliyekimbia baada ya mapinduzi, na bakuli la uji wa pilipili manga kwa ajili ya Dadi. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha naye, ingawa cha Baba kilimchekesha siku zote.

"Hii iko na nguvu ya kulia, Bi Salma, lakini hapana nguvu ya kuzunguka," Baba akamwambia.

"Basi imepungukiwa nini, Bwana Kanti?"

"Kapasita. Kikopo kidogo cha kuipa mota msukumo wa kwanza. Imekufa. Na leo nitapata wapi?"

Bi Salma akafikiri. "Ile mashine yangu ya kufulia iliyoharibika, iliyoko kwenye baraza. Nayo si ina mota?"

"Iko, mama. Lakini hii mota si yetu, iko ya ofisi..."

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Njoo ukaitazame."

Baba akapanda naye juu, akarudi na kikopo cha mashine ile mkononi, akasoma maandishi yake dirishani, akakilinganisha na kile kibovu. Havikuwa sawasawa, alisema, ila vilikaribiana. Akafunga nyaya moja moja, akinitaka nimtajie rangi kwa sauti ili asikosee. Akawasha. Gesi ikawaka taratibu. Tukasubiri. Kisha feni likaanza, kwanza kwa uvivu, halafu kwa kasi, na ile harufu ya vumbi ikapanda. Mama akapiga makofi. Baba akatoka nje barazani na shati tu, akatugeuzia mgongo, mabega yakimtetemeka. Nilidhani ni baridi. Nikampelekea koti, hakulipokea.

Jumanne fundi akaja, akakiona kikopo kigeni, akauliza nani kafanya hivi na alijifunzia wapi. "Kisumu," Baba akajibu. Yule mtu hakujua Kisumu ni wapi. Akaweka kipya, akamwonya asirudie, akaenda zake. Dadi alipona, akaishi nasi miaka sita zaidi. Baba alipanga sahani hadi alipostaafu, na mota nyingine hakuigusa. Sikuwahi kumuuliza alilia nini siku ile, kama ni kwa furaha au kwa kile alichokiacha, na sasa hayupo wa kuniambia.

Siku hizi nyumba yangu hupashwa moto kwa kugusa simu, na kazi yangu ni kupokea malalamiko ya wapangaji. Majira ya baridi yaliyopita alipiga simu mzee mmoja, akaniambia kwa Kiingereza kilichobeba lafudhi ya Bukavu kwamba mashine yake ya kupasha nyumba moto imegoma, na kwamba kwao alikuwa mhandisi. Nilitakiwa nimpe tarehe ya fundi na kukata simu. Nikamuuliza, kwa Kiswahili, "Mzee wangu, ulipoisikiliza, uliona ina shida gani?"  Akaanza kunieleza, nami nikamwacha aseme mpaka mwisho.