Mama wa Mferejini Aliyenikataza Kofia ya Jino

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Makongeni, jua likiwaka, na pengo ninalo. Njoo nikufungulie mdomo uone.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi na mzee wangu, gadi wa treni. Mke wake wa kwanza, Mbithe, alifariki kabla sijamjua huyo mwanamume. Katika ile nyumba ya reli sikuwahi kuona picha yake, na wala sikutaka. Majirani walinitosha. Mbithe alipika hivi, Mbithe alifua vile. Marehemu gani huyo asiyeisha kusifiwa?

Basi jino la nyuma likaniuma hadi daktari wa meno mjini akalitoa neva, akasafisha mizizi, akaziba. Akasema nirudi livishwe kofia, kifuniko kigumu cha kulikinga. Lingekuwa la mbele na bado zima, alisema, tungeliacha. Lakini hili ni la kutafunia na limebaki kuta tu. Haliumi kwa sababu neva haipo, si kwamba limekuwa na nguvu. Bila kofia litapasuka. Nikataka ya dhahabu. Mzee wangu akakohoa, akasema ya chuma inatosha, huko nyuma nani ataiona? Roho iliniuma kuliko jino. Nikasusa, sikurudi.

Alasiri moja niko mferejini, kwenye bomba la mtaa, nachota maji, akaja mama mmoja mrembo, leso mpya, anacheka, na jino moja la mbele ni dhahabu tupu. Haki ya Mungu, nilimwonea wivu hadi ndoo ikafurika. Akaniuliza, "Mdogo wangu, mbona umeshika shavu?" Nikamweleza yote, ya daktari na ya chuma. Kwa nini nilimwambia mtu nisiyemjua? Hata mimi najiuliza.

"Linauma?"

"Haliumi."

"Basi kofia ya nini? Tafuna hapa, utaona limepona."

Akafungua pindo la leso, akanipa mahindi makavu ya kukaanga, ya moto kabisa. Nikatia mdomoni. Jino likalia ka! Nikainama kutema damu na kipande cha jino. Kuinuka, hakuna mtu. Na pale kwenye tope, niamini, nyayo zilikuwa zangu peke yangu.

Mzee wangu aliporudi kutoka kazini nikamsimulia. Aliposikia dhahabu akaacha kula. Akauliza ni jino la upande gani, na kama kweli aliniita mdogo wake. Kisha akasema polepole, "Hilo jino nilimtilia mimi. Mbithe tulimzika nalo."

Mwingine angepiga mayowe. Mimi niliona wivu tu. Nikamwuliza, "Yeye dhahabu, mimi chuma?"

Jino lilikuwa limepasuka hadi mzizini, daktari akaling'oa. Mzee wangu sasa anasema yuko tayari kwa dhahabu. Atavisha jino gani? Hadi leo natafunia upande mmoja, na nikienda mferejini alasiri namsikia mtu anacheka nyuma yangu. Sigeuki.

Kwa hivyo wewe, ukiambiwa jino la kutafunia livishwe kofia, livishe, hata ya bati. Na kama umeolewa mahali palipokuwa na mke mwenzako, akija mrembo akuite mdogo wake, usimwambie unachokitaka. Atahakikisha hukipati.