Mgongo wa Mkunga

Kanisani walimwita Mtumishi, na jina lile lilimkaa vizuri kuliko gauni lolote alilowahi kujishonea. Kazi yake ilikuwa cherehani, pale barazani kwake, akipunguza suruali za watu na kubadilisha zipu. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, cherehani hakuitaja. Angekwambia anafagia kanisa, anafua vitambaa vya meza ya Bwana, na anamwogesha mkunga. Tena angekwambia kwa sauti ya chini, macho ameyainamisha, ili uone jinsi alivyo mnyenyekevu. Usipoona, alirudia.

Mkunga alikuwa mama mtu mzima, aliyezalisha nusu ya mtaa kabla ya kiharusi kumlaza kitandani. Aliishi na mpwa wake, ambaye alishinda kazini. Basi kila asubuhi Mtumishi alifunika cherehani, akaenda kumchemshia maji, akamgeuza, akamsugua, akampaka mafuta. Kazi hiyo aliifanya vizuri, tusimnyime haki yake. Na Jumapili, muda wa maombi ukifika, alikuwa wa kwanza kusimama.

"Wapendwa, tumkumbuke mama yetu. Vidonda vya mgongoni sasa vinatoa usaha, na haja ndogo hawezi tena kuizuia. Jana nimemsafisha mimi mwenyewe."

Kanisa zima liliguna kwa huruma, naye akaketi roho imetulia tuli.

Ndipo akaja muuza nyanya. Mwanamke wa kucheka hovyo, anayeingia kanisani mahubiri yameshaanza, na nyimbo hazijui, anachezesha midomo tu. Siku moja alipita kumjulia hali mgonjwa, kesho yake akapita tena, na wiki haikuisha kabla mpwa hajamsimamisha Mtumishi mlangoni.

"Shangazi anasema upumzike, dada. Yule mama wa nyanya ndiye atakayekuwa anamwogesha."

"Kwani nimemwambia nimechoka?"

"Mimi nimetumwa tu," mpwa akasema, akikwepa macho yake.

Wivu ulimshika vibaya. Siku hiyo alimkatia mteja suruali, mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi. Alipopiga magoti kuomba, alichokiona ni mikono ya yule mwanamke, kucha zimejaa uchafu wa sokoni, ikipita juu ya mgongo aliouhesabu kuwa wake. Mgongo wa mtu mwingine, jamani, na yeye anauonea wivu kama mume! Akajipa moyo kwamba mkunga amehongwa nyanya. Kisha akaona bora akamuulize mwenyewe.

Alipofika, alisikia kicheko kutoka chumbani. Hakubisha hodi. Mkunga alikuwa amelala ubavu, povu limemjaa mgongoni, na muuza nyanya ameshika kitambaa kinachochuruzika maji hadi sakafuni.

"Mama, nimekukosea nini?" Mtumishi akasema, machozi yakimlengalenga. "Mimi niliyekutumikia hivi, leo unamleta huyu asiyejua hata kukamua kitambaa?"

Muuza nyanya akainuka ili awapishe. Mkunga akamzuia kwa mkono wake mzima.

"Kaa, maji yatapoa." Kisha akamgeukia Mtumishi. Maneno yalimtoka polepole. "Kwa kuogesha hujanikosea, mwanangu. Huyu ananitia sabuni machoni kila siku."

"Sasa kumbe nini?"

"Ukiniogesha wewe, Jumapili kanisa zima linaujua mgongo wangu. Watu wanakuja kunisalimu, macho yao yako kwenye shuka, wanaangalia kama limelowa."

"Nilikuwa nakuombea!"

"Watoto wako nimewapokea mimi. Siku ile ulivyomtukana mumeo, na yote yaliyokutoka pale kitandani. Umewahi kuyasikia kwa mtu?"

Hakuwahi. Mtumishi alisimama pale, hajui pa kuuficha uso, na kilichomchoma zaidi ni kwamba muuza nyanya naye alikuwa ameinamisha kichwa, anamwonea aibu. Akatoka bila kuaga.

Jumapili, mchungaji akamuuliza mbele ya watu, "Mgonjwa wetu vipi?"

Maneno yalimjaa mdomoni.

"Anawasalimu," akasema, akakaa.

Mchungaji alingoja kidogo. Kisha akamshukuru Mungu kwa ajili ya muuza nyanya, maana amesikia ndiye anayeubeba mzigo huo siku hizi, na kanisa likapiga makofi. Mwenyewe hata hakuwepo, alikuwa bado hajafika! Makofi yale yalimkata maini Mtumishi. Alipiga na yeye, kwa shida.

Kesho yake alizunguka hadi uani kwa mkunga. Alikuta beseni la mashuka machafu, akavuta kigoda, akaanza kufikicha. Dirisha la chumbani lilikuwa wazi, na ndani wale wawili walikuwa wanacheka jambo ambalo hakulisikia vizuri. Wivu ulimpanda tena. Aliyasuuza mashuka, akayaanika, akaondoka kabla hawajamwona.

Njiani akakutana na mke wa mchungaji.

"Mtumishi! Umetokea wapi asubuhi yote hii?"

Jibu alikuwa nalo, tena zuri, la kurudiwa na kanisa zima.

"Natembea tu, mama," akasema, na jibu hilo lilimuuma hadi nyumbani.