Mkate Uliolowa wa Ijumaa

Nasimulia haya nikiwa hai, mguu mmoja naburuta kidogo. Kabla ya kiharusi, mdomo wangu haukujua likizo. Mimi ni Mkenya wa Nakuru. Niliolewa na Ari, Myahudi wa hapa Silver Spring, ughaibuni, nikaifuata dini yake kwa moyo mmoja. Mlo wa Sabato kila Ijumaa jioni ulikuwa wangu: kusuka mkate, kuonja supu, kubishana na mama mkwe kuhusu supu hiyo.

Asubuhi moja nilikuwa napiga mswaki. Maji yakamwagika upande wa kulia wa mdomo, mswaki ukaanguka, mguu ukakataa kunibeba. Nilipomwita Ari, ilitoka sauti tupu. Hospitalini daktari alimwambia, "Anaelewa kila kitu, ila maneno yamemkwama." Nilimsikia vizuri, nikalia.

Kilichonitisha zaidi ni kumeza. Hata maji yalinipalia. Mtaalamu wa kumeza alinifundisha kuinamisha kidevu kifuani kwa kila tonge, akaonya, "Chakula kikiingia kwenye mapafu, utarudi hapa." Basi nyumbani nikawa nakula uji mzito chumbani, udenda ukinichuruzika, nikiwasikia wenzangu wakila Sabato. Niliona afadhali nisiwatie kinyaa.

Ijumaa moja mama mkwe aliingia bila kubisha. "Mwanangu, supu ya Ari ni maji ya kuoshea vyombo. Twende." Akanisukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mezani. Je, nikipaliwa mbele ya binti yetu, Talia?

Kwetu, ukishanawa mikono kwa ajili ya mkate, huzungumzi mpaka umeuonja. Ari alininawisha, mkono mzima na ule uliolala, na wote wakanyamaza. Akaubariki mkate, akatia kipande mdomoni mwake, kisha akanilisha kingine alichokilowesha kwenye supu mpaka kikalainika kabisa.

Kwa hofu, nikasahau kidevu. Mama mkwe akaona. Kwa kuwa hakuwa ameonja mkate, hakusema neno. Alishusha kidevu chake mpaka kifuani, akanikazia macho. Talia naye akashusha. Ari pia, mashavu yamejaa. Wote watatu wameinama kama kuku wanaodonoa! Kicheko kikanipanda, na kucheka na mkate mdomoni ndiyo hatari yenyewe. Niliogopa kweli kweli. Nikashusha kidevu, nikameza, nikangoja kikohozi. Hakikuja.

"Mama Talia, imepita?" Ari akauliza.

Mkate ule huchovywa kwenye chumvi kidogo, na kwa wasiwasi wao walikuwa wameisahau. Nikafungua mdomo.

"Chumvi," nikasema.

Lilikuwa neno langu la kwanza tangu niugue. Talia alikimbilia jikoni huku analia.

Namshukuru Mungu, madaktari, na mama mkwe, ingawa kuhusu supu bado hatujaelewana. Nawe unayeuguza mtu nyumbani, muulize mtaalamu mgonjwa wako anaweza kumeza nini, kisha mlete mezani. Akichafua kitambaa, kitafuliwa. Usimwache chumbani mpaka akazoea. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuzoea.