Mume Wangu Ananitafsiria Filamu, na Mama Yake Pia

Na wale mliosema kwenye posti ya juzi kwamba mume anayekaa na mkewe kutazama filamu ni zawadi, mimi nakubali kabisa, ila ngojeni niwaambie yaliyonikuta. Admin, jina langu lifiche.

Nina miaka ishirini na sita, Mtanzania wa Morogoro, nimeishia kidato cha nne. Nimeolewa na Mkongo wa Lubumbashi, tunaishi Schaerbeek hapa Brussels. Ndoa ina miezi tisa na bado akifungua mlango jioni moyo unanidunda. Nampenda, jamani. Kila Jumamosi mchana anakuja na DVD ya filamu ya Kifaransa ya kuchekesha, zile za maisha ya mjini: majirani wanagombea paka, marafiki wanaharibu harusi halafu wanaitengeneza, watu wanapendana kwenye ngazi za ghorofa. Kifaransa nilikuwa sijui, kwa hiyo alinitafsiria sikioni, mkono wake begani kwangu. Kila filamu iliisha kwa wapenzi kurudiana. Nililia kwa raha.

Kisha nikaanza darasa la Kifaransa, masikio yakafunguka. Mwezi uliopita mwanamke kwenye filamu akamwambia mpenzi wake, "Je ne t'aime plus," yaani sikupendi tena. Mume wangu akaninong'oneza, "Anasema amemukumbuka sana." Niliona ni utamu tu, mtu kunitengenezea mwisho mzuri.

Jumapili iliyofuata tukaenda kula kwa mama yake, Koekelberg. Mama alikulia Kinshasa, kwenye Kilingala na Kifaransa, Kiswahili hajui, na maneno yetu yote hupitia kwa mume wangu. Nilibeba pilau. Mama akaonja, akasema kwa Kifaransa kwamba ina chumvi nyingi. Mume wangu akageuza: "Maman anasema uko na mukono muzuri." Sawa. Halafu mama akaweka uma chini, akaongea polepole, kila neno nikalisikia: tangu nifike sijawahi hata mara moja kuomba kuja kukaa naye. Mume wangu akanigeukia. "Anasema umependeza."

Jamani, mimi nimeomba. Mchana niko peke yangu ndani, sina mama wala dada huku. Nimemwambia mume wangu mara ngapi, mwambie mama nije siku za kazi anifundishe pondu, kile kisamvu chao. Jibu ni lilelile: "Maman iko na mambo mingi, siku ingine."

Kwenye tramu nikamwambia nimesikia yote. Akacheka kidogo.

"Chérie, maman anasemaka makali. Ungelia. Nilitaka mupendane kwanza."

"Tutapendanaje na hatujawahi kuongea? Na mimi, huwa unamwambia nimesema nini?"

Akatazama dirishani. "Bon, mambo ya muzuri tu."

Mambo gani? Miezi tisa kuna mwanamke wa kutungwa anaongea kwa jina langu mezani kwa mama mkwe, na mimi simjui. Sitaki kumwaibisha mume wangu, lakini nina hasira. Nimwambie mama ukweli, mwanawe aonekane mwongo? Au nijifanye ndiyo kwanza naomba kuja kwake, lawama nibebe mimi? Ninyi mlioolewa mngeanza na neno gani? Niandikieni upesi, kwa sababu mwezi huu hautaisha kabla sijapanda tramu peke yangu na kugonga mlango wa mama.