Mahali Tulipoagana na Mukaka

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, siku ya soko kule Musienene. Siku hiyo sisi ndugu watatu wenye simu tulimpoteza mama mzee asiye na simu, na yeye hakuwa amehama hata kidogo.

Huyo mzee alikuwa mukaka, mama ya baba yetu. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na utando mweupe. Daktari wa macho alikuwa amekuja Butembo kwa muda mfupi tu, na jioni ya siku hiyo ya soko angepanda ndege kwenye uwanja wa Rughenda arudi kwao. Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa, tuliagana na mukaka: siku ya soko, asubuhi, tutamkuta kwenye mstari wa wauza maharagi, pembeni ya kanisa, tumpeleke kwa daktari. Aliitika, akakaza kitenge chake, akaenda.

Simu zilikuwa bado mpya mikononi mwetu. Mimi nilikuwa natoka Beni, na kabla ya kupanda gari nilipiga kuuliza kama barabara inapitika. Hilo nalifanya hadi leo, na sitakudanganya kwamba ni baya. Lakini mkono ukishazoea kupiga, hautulii tena. Kaka yangu Paluku, akija na moto, yaani pikipiki, kutoka Butembo, akapiga kusema soko limejaa sana, tukutane kwenye kinu cha unga. Dada yetu Masika, aliyekuwa palepale Musienene, akasema kinuni ni matope, afadhali barabara kubwa. Nikasema sawa. Kila mmoja alidhani mwenzake amemwambia mukaka.

"Uko wapi?" Paluku aliniuliza.

"Niko hapa."

"Hapa ni wapi?"

"Hapa kwa barabara. Weye?"

"Nyuma ya kinu. Uko na mukaka?"

"Mimi? Si iko na Masika?"

"Masika anasema iko na weye."

Tulizunguka hivyo hadi mvua ikaanza na rezo, mtandao wa simu, ikapotea. Nilipita mbele ya kanisa nimeinua simu juu kama mtu anayetega maji ya paa. Mama mmoja muuza maharagi akaniita.

"Ee kijana, unatafuta rezo ama mutu?"

"Natafuta mukaka wangu."

"Ule pale. Tangu asubuhi tunakula naye miogo. Na ulishamupita mara mingi."

Mukaka alikuwa amekaa juu ya gunia, kitenge kichwani, na mfuko wa nguo safi za hospitali magotini.

"Kambale," alisema bila kugeuka. Alinijua kwa mwendo. "Mulishakuja?"

Nikaanza kumweleza mambo ya kinu, ya barabara, ya mvua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hii simu inawaambia muko wapi?"

"Ndiyo, mukaka."

"Donc basi munaulizana nini siku muzima?"

Niliitia simu mfukoni.

"Mimi, hapana mutu aliniuliza," akasema. "Lakini angeniuliza, ningemujibia: niko pahali tuliagania."

Paluku alipotufikia, tulimpakia mukaka katikati yetu kwenye moto yake. Tulipofika hospitalini Butembo, daktari alikuwa amekwisha kuondoka. Tukiwa bado uani, ndege ilipita juu yetu, na mukaka akainua uso kuifuata kwa masikio. Daktari mwingine alipokuja, baada ya muda mrefu, aliweza kutengeneza jicho la kuume tu. La kushoto lilikuwa limekwisha.

Tangu hapo nimetembea sana, Lubero, Beni, na kurudi tena, maana kukaa kumenishinda. Na bado jambo hili silielewi vizuri. Namba za watoto wangu mwenyewe siko nazo kichwani. Betri ikiisha, nasimama katikati ya Butembo, mji nilimozaliwa, kama mgeni. Halafu simu hiyohiyo ndiyo iliyonirudisha nyuma siku ambazo barabara ya Beni ilikuwa ya hatari. Bila hiyo, labda nisingekuwa hapa nikikuandikia. Nayashika yote mawili na hayapatani. Wakati mwingine najiuliza kama kosa ni la simu au ni letu, nalala bila kujua.

Basi nikupe hicho kidogo ninachokijua. Ukiagana na mtu, taja mahali, kisha uwe pale kana kwamba mfukoni mwako hamna simu. Ukitaka kubadilisha, uliza kwanza ni nani kati yenu asiye na simu, na umfikie huyo kwa miguu yako. Anayekungoja asilowe na mvua kwa sababu weye umepata wazo lingine njiani.

Mungu akulindie macho yote mawili, mwanangu. Akupe watu wa kukungoja, na popote watakapokaa kukungoja, wakuone ukifika.