Mstari mmoja wa marejeleo umeniokoa leo

Watu wangu, leo nilikuwa natetea tasnifu yangu ya uzamili, na mtahini kutoka nje akaniambia hivi:

“Nilirudia hesabu zako. Jibu langu na lako hayafanani.”



Miaka miwili nimekokotoa jinsi maji yanavyopungua kwenye mabwawa ya mchanga, yale yanayohifadhi maji ndani ya mchanga wa mto, kule Yatta!

“Nilidhani umepika majibu,” akaendelea.

“Halafu nikaangalia marejeleo.”

Sasa mjue, hesabu zote nilifanya na programu huria, ile mtu anapakua bure. Msimamizi wangu aliniambia mara tatu, “Ndanu, programu si kitabu. Toa hiyo.” Nikakataa. Kuna watu wameijenga kwa kujitolea, nitatumia kazi yao ninyamaze aje? Nikabakiza kwenye marejeleo jina la programu, walioiunda, na namba ya toleo.

Mtahini akatabasamu. “Kumbe mimi niko na toleo la zamani, lenye kasoro. Nikaweka toleo lako, na jibu likatoka sawa na lako mpaka tarakimu ya mwisho.”

Aliyeanza kupiga makofi ni nani? Msimamizi wangu!

Nimetoka nje nikampigia mama. “Mwaitu, nimepita!”

“Umepita wapi? Hapa sijakuona.”

Nilipomweleza, alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Nyinyi mnaoandika, mnataja programu zenu ama mnazitumia tu kimya kimya? Semeni ukweli hapa chini, leo siogopi mtu!