Kompyuta Iliuliza

Juzi nilikuwa stesheneri moja pale Buhongwa nikisubiri kuchapa barua. Mbele yangu alikuwepo mama aliyevuka ziwa kutoka Sengerema na flashi mbili. Moja ilikuwa na video ya binti yake akiimba kwaya, nyingine ya mazishi ya binti huyohuyo. Alitaka ya mazishi ihamishiwe kwenye flashi ya kwaya, zikae pamoja.

Mhudumu akakopi, akapesti, huku anacheka na mtu kwenye simu. Kompyuta ikauliza: faili lenye jina hili lipo tayari, libadilishwe? Akagonga Enta bila kusoma.

“Tayari, mama.”

“Hebu nifungulie ile ya kwaya, nimwone.”

Likatokea jeneza. Mhudumu akakata simu, akatafuta kila mahali.

“Samahani, mama. Ya mazishi imefuta ile ya kwaya.”

“Sasa si ungeuliza?”

“Kompyuta iliuliza, mama.”

“Ilimuuliza nani?”

Mama akafunga flashi zote mbili kwenye pindo la kanga, akatoka bila kuaga.

Mashine za siku hizi zina adabu, huomba ruhusa kabla ya kuharibu. Ila humwomba aliye karibu na kibodi, naye mfiwa amesimama upande wa pili wa kaunta.